Nilipumzisha kiwiko wiki sita na hakikupona

Naandika hii nikiwa nimeshalipitia hili jambo lote, miezi 11 toka siku ya kwanza kiwiko kiniume mpaka siku nilipojivuta tena kwenye chuma bila kukiwaza, na naandika kwasababu najua kuna mtu sasa hivi anabonyeza kale kamfupa ka ndani ya kiwiko kwa kidole gumba akijiuliza kama kataacha kuuma kenyewe. Nlikuwa huyo mtu. Nlibonyeza miezi miwili.

Mi nanyanyua vyuma mwaka wa sita sasa, sio wa mashindano, ni mtu wa kawaida ninayependa mazoezi na siku nisipofanya kichwa hakitulii. Kipindi kile nlikuwa nimejiwekea lengo la kujivuta mara 20 mfululizo, yani kuning'inia kwenye chuma na kujipandisha mpaka kidevu kikivuke, viganja vinanitazama, chuma kilichonyooka. Nlikuwa naweza 11. Nikaona njia ni kujivuta kila siku. Baadae sana nilirudi kwenye daftari langu nikahesabu, kumbe kabla ya hapo nlikuwa najivuta jumla kama mara 40 kwa wiki na wiki tatu mbele nlikuwa nimeshavuka 150, na hapo sijagusa zile siku mbili za kukunja mikono kwa chuma cha kunyanyua nacho kilichonyooka wala siku ya mgongo ambayo kila zoezi ni kushika na kuvuta. Misuli haikulalamika hata kidogo, tena nlikuwa najisikia na nguvu kuliko kawaida, nimefika 14, na hapo ndo palipo na mtego wenyewe. Misuli inazoea mzigo mpya ndani ya wiki chache, ina damu nyingi, inakujibu haraka. Kano, ule uzi mgumu mweupe unaoshikiza msuli kwenye mfupa, ina damu kidogo na inajijenga taratibu sana, inahitaji miezi. Kwahiyo unaweza kuwa na misuli ya mtu wa mara 14 na kano ya mtu wa mara 11, na hakuna kitu kitakachokwambia hivyo mpaka mambo yameshaharibika.

Dalili ya kwanza sikuipata jimu. Niliipata nakamua nguo. Nikasikia kitu kama uzi wa moto umepita upande wa ndani wa kiwiko, mkono wa kulia, nikasimama kidogo, nikaendelea. Siku chache mbele ikawa kugeuza ufunguo, kunyanyua birika lililojaa, kumpa mtu mkono akanibana kidogo. Jimu kwenyewe seti ya kwanza inauma, ya pili inapungua, ya tatu haiumi kabisa, alafu jioni inarudi na kesho asubuhi kiwiko kigumu kama bawaba iliyoshika kutu. Sikujua kwamba huo mtiririko, kuuma ukianza na kupoa mwili ukipata moto na kurudi baadae, ndo tabia ya kano iliyochoka. Mi niliusoma kinyume, nikasema mbona nikipasha moto vizuri haiumi, basi si kitu.

Nikaanza kupasha moto zaidi, kumeza dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, na kujichua palepale panapouma kwa nguvu mpaka machozi yananilenga. Hiyo ya dawa naijutia kuliko zote. Maumivu ndo yalikuwa taarifa pekee niliyokuwa nayo na mi nikaizima ili nifanye kilekile kinacholeta maumivu. Mficha maradhi kilio humfichua, na changu kilifichua siku moja nimeshika dambeli, kile chuma kifupi cha mkono mmoja, ya kilo 22 navuta upande mmoja, vidole vikaachia vyenyewe. Havikuuma sana, viliachia tu, kama mkono sio wangu. Usiku huo nikashindwa kushika kikombe kwa mkono wa kulia.

Hapo ndo nikaacha. Nikaacha kabisa, wiki sita nzima, sikugusa kitu cha kuvuta wala kushika. Kila mtu niliyemuuliza aliniambia pumzisha, na mi nikapumzisha kwa imani yote, kwasababu ndivyo tunavyofundishwa, kinachouma kipumzishwe kitapona. Zilikuwa wiki ngumu kuliko nlivyotegemea. Mazoezi kwangu sio mwili tu, ndo saa yangu moja ya siku ambayo hakuna anayenitaka kitu, na kuikosa kulinifanya niwe mtu wa hasira za haraka nyumbani, mke wangu aliona kabla sijaona mwenyewe. Lakini maumivu yaliisha kweli. Wiki ya tano nlikuwa nakamua nguo bila shida. Wiki ya sita nikarudi jimu nimefurahi, nikapunguza uzito kidogo kwa tahadhari, kama moja ya tano, nikafanya siku ya mgongo ya kawaida, haikuuma. Jioni yake kiwiko kikaanza kugonga kama moyo. Asubuhi kilikuwa kibaya kuliko siku niliyoacha.

Nilikaa kitandani nimekishika nikaona kama nimedhulumiwa. Wiki sita!

Leo nikiangalia naelewa kilichotokea. Kupumzika kulizima kelele lakini hakukujenga chochote. Kano inajengeka kwa kuvutwa, seli zake zinasoma mzigo na kutengeneza nyuzi za kolajeni, protini inayoijenga kano, kufuata mzigo huo, sasa ukiondoa mzigo wote kwa wiki sita kano haikai ilivyo, inapungua uwezo, na msuli nao unapungua. Nlirudi na kano dhaifu kuliko niliyoondoka nayo nikaipa karibu kazi ileile. Tofauti kati ya kinachobebwa na kinachoweza kubebwa ilikuwa imepanuka, haikupungua.

Baada ya hapo nikaenda hospitali, na daktari niliyemkuta aliniangalia dakika chache, akabonyeza, akasema ni uvimbe wa kano, akanichoma sindano ya kotisoni, dawa ya kuzima uvimbe. Simlaumu sana, nadhani alitaka nitoke nimepata nafuu, na nafuu niliipata, siku ya tatu kiwiko kilikuwa kipya kabisa. Wiki tano hivi nikaishi kama hakijawahi kuuma. Nikarudi kwenye kujivuta. Wiki ya sita kikarudi chote na nyongeza. Hii hadithi nilikuja kuijua baadae kwamba sio yangu peke yangu, kwa kiwiko cha upande wa nje, kile wanachokiita kiwiko cha tenisi, kuna tafiti kubwa zilizochapishwa 2006 na 2013 zilizofuatilia watu mwaka mzima, na waliochomwa kotisoni walikuwa wazuri wiki za mwanzo alafu ukifika mwaka wanakuwa nyuma ya wale ambao hawakuchomwa, wengi yamewarudia. Changu kilikuwa cha ndani, kiwiko cha gofu, lakini kilinifanyia hivohivo. Ningependa mtu angeniambia kabla ya sindano kwamba inanunua wiki, na wiki hizo sio ruhusa ya kurudi kwenye chuma.

Aliyenivusha ni dada mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Nlienda kwake nimechoka, nataka aniambie kama nifanyiwe upasuaji au niachane na vyuma moja kwa moja. Alichukua kama saa nzima. Akanibonyeza mfupa wa ndani, nikaruka. Akaniambia kaka nyoosha mkono, kiganja juu, nami nakusukuma kiganja chini, we kataa, ikauma. Akashika mkono wangu kama anayenisalimia, akasema geuza kiganja kitazame chini nami nakuzuia, ikauma zaidi. Akanieleza kwamba misuli mingi inayokunja vidole na kifundo cha mkono, na ule unaogeuza kiganja kitazame chini, imeshikwa kwenye kamfupa kamoja tu hako ka ndani, kwahiyo kila ninaposhika kitu kwa nguvu nakavuta kamfupa hako, haijalishi zoezi ni la mgongo au la mguu. Hilo la mguu sikulielewa siku hiyo, nitalirudia.

Akaniuliza pia maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kidole cha mwisho kinakufa ganzi? Kinawakawaka usiku? Kwasababu nyuma ya kamfupa hako hako unapita mshipa wa fahamu, ndo ule ukigonga kiwiko unapigwa shoti mpaka kidoleni, na ukibanwa matibabu ni mengine. Changu kilikuwa kinakufa ganzi asubuhi nyingine, akanifundisha kutolala mkono umekunjwa kabisa, nikawa nazungushia taulo kiwikoni ili kisikunjike, ganzi ikaisha ndani ya wiki mbili. Ulisikia mlio kama kitu kimekatika, pakawa peusi na msuli wa mbele wa mkono ukajikunja juu kama mpira? Hapana. Akasema vizuri, maana hiyo ni kano ya chini ya msuli huo imekatika na mtu wa hivo anatakiwa amwone daktari wa upasuaji siku hizohizo, sio wa kusubiri miezi. Alafu akauliza kama kuna antibayotiki nlimeza miezi hiyo, hasa siprofloksasini. Nikashangaa inahusiana vipi. Kumbe kundi hilo la dawa linaweza kudhuru kano, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekwe onyo kali kwa ajili hiyo. Mi nlikuwa sijameza, ila toka siku hiyo nikiandikiwa dawa nauliza, na namwambia daktari kwamba nanyanyua vyuma.

Kitu kilichonibadilisha kichwa ni alivyoniambia kwamba huenda hapo hapana uvimbe wa kuzimwa. Akasema toka 1979 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Nirschl, na mwenzake walipoangalia kwa hadubini nyama waliyoitoa kwenye viwiko vya watu walioumwa muda mrefu, hawakukuta zile seli za kinga zinazojaa panapovimba walizotegemea, walikuta nyuzi zilizovurugika na vijishipa vya damu vilivyoota ovyo. Yani kano iliyoharibika mpangilio. Sasa nimekaa miezi napambana na uvimbe kwa barafu na vidonge na sindano, na huku kazi yenyewe ilikuwa ya ujenzi.

Akanisimulia na habari ya daktari wa Sweden, Alfredson, aliyekuwa na kano ya kisigino inayomuuma mwenyewe, akaomba afanyiwe upasuaji, bosi wake akakataa kwasababu kano haijakatika na angekaa nje ya kazi muda mrefu. Akaamua aikate mwenyewe kwa kuipa mzigo mzito mno ili wamfanyie upasuaji. Akaipakia na kuipakia, na badala ya kukatika ikapona. Mwaka 1998 akachapisha utafiti wa wakimbiaji 15 waliofanya hivyo kwa mpango, kushuka taratibu na mzigo, marudio 15 mara tatu, asubuhi na jioni, wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Toka hapo watu wameiboresha sana, sio lazima mara mbili kwa siku, sio lazima kushuka tu, lakini wazo lenyewe ndo likabaki: kano inayouma inahitaji mzigo, ila uliopimwa.

Sitaki mtu aelewe vibaya hapa. Sisemi fanya mazoezi juu ya maumivu, hilo nlifanya miezi miwili na ndo lilinimaliza. Kati ya kuacha kabisa na kuendelea kama kawaida pana njia nyembamba katikati na kazi yote ya miezi sita iliyofuata ilikuwa kujifunza kutembea humo.

Tulianza na kushika bila kusogeza. Mkono umelala juu ya meza, kiganja juu, kifundo kimetoka nje ya ukingo, nashika dambeli ya kilo 4 na kazi yangu ni kuizuia isishuke, kifundo kimenyooka, sekunde 45. Napumzika dakika mbili. Mara tano. Basi, ndo mazoezi ya siku. Mtu aliyekuwa anavuta kilo 22 ameketi mezani na kilo 4 anaangalia saa. Siku ya kwanza ilikuwa inauma kama 4 kati ya 10 nikianza na mara ya tano ikawa 1 au 2, nikamwuliza mke wangu kama anaona ajabu hiyo kama mimi. Najua haimfanyii kila mtu hivyo, kwangu ilifanya, na baada ya wiki tatu za kila siku nlikuwa nimefika kilo 7 na kukamua nguo hakuumi tena.

Alafu tukahamia kwenye kusogeza taratibu, siku moja naacha moja. Sekunde tatu kupandisha kiganja, sekunde nne kushusha, marudio 15, seti tatu, na kilo 3 tu kwa kuanzia. Sababu ya kuruka siku alinieleza na nadhani ni muhimu kuliko uzito wenyewe: ukishaipakia kano, kwa muda wa siku moja na zaidi inabomoa kuliko inavyojenga, ujenzi unakuja kuzidi baadae, ukiirudia kila siku kwa nguvu unaikuta kila mara ikiwa kwenye kubomoa. Nikakumbuka kujivuta kwangu kwa kila siku. Zoezi jingine ni la nyundo, nyundo ya kawaida ya kupigia misumari. Unashika mwisho wa mpini, kiwiko kimekunjwa ubavuni, kichwa cha nyundo kiko juu, unakiachia kianguke taratibu upande wa nje mpaka kiganja kitazame juu alafu unakirudisha. Ukiona nzito unasogeza mkono karibu na kichwa, ukiona nyepesi unarudi mwisho wa mpini. Hilo ndo lilinipiga pale panapouma kabisa, na mpaka leo naamini ndo lililoniponya kuliko mengine, kwasababu ule msuli wa kugeuza kiganja hakuna zoezi la jimu nlilokuwa nafanya linaloufundisha kwa makusudi, unabebeshwa tu mzigo wa wenzake.

Kipimo chetu kilikuwa maumivu mpaka 3 kati ya 10 wakati wa zoezi, ruksa, zaidi ya hapo punguza uzito. Lakini mwamuzi wa kweli alikuwa asubuhi ya pili yake. Kila nikiamka, kabla ya kitu chochote, nafanya jambo moja lilelile, nanyanyua birika lililojaa kwa mkono wa kulia mkono ukiwa umenyooka, naandika namba kwenye daftari. Kama namba ni ileile ya jana au pungufu, mzigo wa jana ulikuwa sawa. Kama imepanda, haijalishi jimu nlijisikiaje, jana nilizidisha, leo naenda nyuma hatua moja. Mi kwa asili ni mtu wa kujisikia, nikijisikia vizuri naongeza, na kujisikia vizuri jioni ya mazoezi kulinidanganya kila mara. Namba ya asubuhi haikunidanganya hata mara moja.

Sasa ile ya mguu. Mwezi wa pili kwa yule dada nlikuwa naenda vizuri, namba ya asubuhi imeshuka mpaka 1, alafu kila Alhamisi inapanda 3. Kila Alhamisi. Na Jumatano nlikuwa sigusi mkono, ni siku ya miguu, skwati, yani kuchuchumaa na kusimama na chuma mgongoni, na mengine. Tukahangaika wiki tatu. Akaniambia njoo na video ukiwa unafanya. Kuangalia tu akacheka kwa furaha akasema hii hapa. Nlikuwa nakiweka chuma chini kidogo ya mabega, mikono nimeibana karibu ili mgongo ukaze, na kumbe kwa mkao ule vifundo vya mikono vinakunjika nyuma na viwiko ndo vinabeba sehemu ya mzigo wa kilo 120, na sehemu hiyo inakaa kwenye kamfupa kenyewe. Nikapanua mikono, nikapandisha chuma juu zaidi mgongoni, nikapunguza uzito kwa mwezi. Alhamisi ikatulia. Naliweka hili kwa urefu kwasababu kama unafanya kila kitu sawa na kiwiko hakitulii, angalia mazoezi ambayo huyahesabu kuwa ya mkono.

Na mengine madogo ya jimu yalisaidia. Chuma kilichonyooka kwa kukunja mikono nilikiacha kabisa, kinalazimisha kiganja kigeuke mpaka mwisho, nikahamia dambeli na viganja vinavyotazamana. Siku ya mgongo nikatumia mikanda ya kujifunga kifundoni ili mkanda ubebe badala ya vidole, hapo nikaweza kuendelea kufundisha mgongo wangu bila kukibughudhi kiwiko, na ilinirudishia ile saa yangu moja ya siku, jambo ambalo kwa akili yangu lilikuwa na thamani kuliko misuli yenyewe. Zamani nlidhani mikanda ni ya wavivu. Ule mkanda wa kubana chini ya kiwiko nao nilivaa wiki za mwanzo nikiwa na kazi za mikono, unapunguza maumivu kidogo, hauponyi.

Nilirudi nyuma mara mbili. Mara ya kwanza nlisaidia watu kuhamisha vyombo, makochi na makabati, siku nzima kushika na kubeba, namba ikaruka mpaka 6 na nikadhani nimerudi mwanzo. Nilimpigia yule dada sauti inatetemeka kabisa. Akaniambia kaka, hujaumia upya, umeikasirisha, rudi kwenye kushika sekunde 45 siku nne alafu tutaona. Siku ya tano namba ilikuwa 2. Ningekuwa peke yangu ningepumzika tena wiki sita, nina uhakika. Mara ya pili ilikuwa haraka yangu, mwezi wa nne, nilijaribu kujivuta kabla ya kuambiwa, mara 8, na nlijua ninachofanya ni kosa wakati chuma bado kiko mkononi.

Nilisoma kitu kimoja kipindi hicho kikanifanya niiheshimu kano. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na 60 ndani ya kano za visigino vya watu, wakaona kiini cha kano kimejengwa utotoni na ujanani, mpaka kama miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Hicho ni kisigino, sio kiwiko, lakini nlipomwuliza yule dada akasema ndo maana hatuhangaiki kulifanya eneo lililovurugika liwe jipya, tunaifanya kano nzuri iliyolizunguka iwe na nguvu ya kutosha kubeba kazi yote. Ndo maana hata picha ya ultrasaundi hakuitaka tena baada ya ile ya mwanzo, alisema watu wengi wasioumwa kitu wana kano zenye picha mbaya, na wewe unaweza kupona kabisa picha yako ikabaki vilevile. Kilo ninazobeba na namba ya asubuhi ndo picha yetu.

Mwezi wa tano kwake, zoezi la kiganja nlikuwa nafanya kilo 12 marudio 8, polepole, bila maumivu. Akasema sasa. Lakini sio kwa viganja vinavyokutazama, anza na vishikio ambavyo viganja vinatazamana, mara 3, seti mbili, mara mbili kwa wiki, na usiongeze kitu mpaka wiki mbili zipite bila namba kupanda. Mara 3! Nikatii. Nlipanda mara 3, nikashuka, nikasubiri, nikapanda mara 3, nikavaa fulana nikaondoka na mwili wote unataka kubaki.

Asubuhi nikaenda kwenye birika kabla sijanawa uso. Nikalijaza mpaka juu, nikanyoosha mkono, nikalinyanyua, nikalishikilia hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Sifuri. Nikaandika sifuri kwenye daftari, na tarehe pembeni.

Leo najivuta mara 12, mara mbili kwa wiki, na kwenye vishikio vinavyotazamana tu. Kile chuma kilichonyooka sijakirudia na sidhani kama nitakirudia, ile 20 nimeiweka pembeni bila uchungu. Nyundo iko chini ya meza, naifanya Jumanne na Ijumaa, mikono yote miwili.